Mama wa Fonia na Ampli ya Lampe

Mtaa mzima wa Kimanga, hapa Uvira, ulimwita Mama wa Fonia, hata miaka mingi baada ya fonia yenyewe kufa. Kwa wasioijua, fonia ilikuwa redio ya kupokezana ujumbe. Unakwenda kwenye kijumba chake kando ya barabara, unaeleza shida yako, naye anaita Bukavu au Kalemie, na mwenzake wa huko anamtafuta ndugu yako. Simu za mkononi zilipoingia, antena yake ilishushwa ikawa kamba ya kuanikia nguo. Yeye akabaki na meza, kiti, mashine mbili zilizopoa, na hilo jina. Jina lake la ubatizo sitalitaja, kwanza kwa sababu hakupenda litajwe ovyo, na pili kwa sababu sijawahi kusikia mtu akilitumia.

Mimi ni mpiga gitaa. Solo. Jumamosi arusi, Jumapili kwaya, na kama hujawahi kupiga solo kwenye arusi ya Uvira, hujui mkono wa kulia ni nini. Kisha pikipiki ikanitupa pale Sange, wanapoanika mpunga kando ya lami, na kifundo cha mkono wangu wa kulia kikavunjika vipande. Mfupa uliunga. Vidole vikabaki vinasikia moto na baridi lakini havina nguvu. Nikigusa waya wa gitaa unatoa mlio wa mgonjwa, hata mimi mwenyewe siusikii vizuri. Daktari alisema nguvu inaweza kurudi, na inaweza isirudi kabisa, akaniandikia mazoezi ya kukamua mpira. Kwaya wakanipa kazi ya kugawa vitabu vya nyimbo. Kugawa vitabu, mimi! Nilirudi nyumbani siku hiyo nikamwambia mke wangu auze gitaa, na yeye, badala ya kuuza, akanituma nalo kwa Mama wa Fonia.

Mke wangu alikuwa amesikia kwamba yule mama anatengeneza ampli, zile mashine za kupaza gitaa, tena za lampe, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani ya redio za wazee wetu. Nikamkuta mezani, kitenge kiunoni, miwani imefungwa kwa uzi, anachambua matumbo ya televisheni mbovu na kuyapanga kwenye makopo ya maziwa ya unga. Nikasema nataka ampli ya nguvu.

"Nguvu ya nini, papa?" akauliza bila kuinua kichwa. "Ya kuvunja masikio ya watu, ao ya kusikia mukono yako?"

Sikujua kwamba ni nguvu mbili tofauti. Nilidhani ampli ni ampli, ukigeuza kifungo inapaza. Akalichomeka gitaa langu kwenye redio ya zamani, akaniambia nipige, akapima. Kisha akanieleza kwamba nguvu ya bafle, lile sanduku la spika, ni ya mwisho, ile inayowatikisa wachezaji, na hiyo sikuihitaji. Kilichokosekana kwangu kilikuwa mwanzoni kabisa. Mguso wangu ulikuwa mdogo mno, kwa hiyo ulipaswa kupazwa na lampe moja, kisha nyingine, kisha nyingine tena, hata kabla ya kuifikia lampe kubwa ya kusukuma bafle. "Lampe tatu za kukuinua," alisema. "Watu wa kelele wanaomba hii ju ya kuchafua sauti. Weye tutaifanya ju usikike." Hapo ndipo nilipoanza kuwa na matumaini, nikachukia kuwa nayo, maana nilikuwa nimezoea kukata tamaa.

Kazi yake ya zamani ilikuwa imemfundisha kukata maneno. Sisi watu wa huku tunaanza na salamu: baba hajambo, shangazi hajambo, mbuzi wote hawajambo, na betri ya fonia inaisha kabla habari haijatoka. Yeye alikuwa anakusikiliza mpaka umalize kulia, kisha anasema kwenye mikrofoni maneno machache tu. Amejifungua. Mtoto mume. Leteni sabuni. Watu walikuwa wananung'unika kwamba amewapunja, lakini sabuni ilikuwa inafika.

Vile vile ndivyo alivyotengeneza ampli. Tulipofika kwenye kondensateri, kile kidude kinachopitisha sauti kutoka lampe ya kwanza kwenda ya pili, aliniambia nichague mwenyewe kwenye kopo. Nikachukua ile kubwa kuliko zote. Kubwa ni kubwa, nilidhani. Hakubishana, hakuwa mtu wa kubishana na anayeweza kuonyeshwa. Akailehemu, akawasha, akaniambia nipige. Gitaa likasikika kama linapigwa ndani ya pipa la mawese.

"Unaona? Ile kubwa inapitisha vyote, na besi yote. Besi ikiingia ya kwanza ku lampe ya pili, inajaza mulango, wengine wanabaki inje. Sasa tia kadogo."

Tukaweka kadogo, kenye ukubwa wa punje ya maharagwe. Sauti ikasimama. Besi ilipungua, kweli, lakini kila waya uliitika kwa jina lake. "Kadogo kanaacha salamu," akasema, "kanapitisha habari."

Na hakuna kidude kilicholehemiwa kabla sijamrudishia kwa mdomo wangu kazi yake. Kwenye fonia, aliyepokea ujumbe lazima aurudie, la sivyo huwezi kujua kama umefika. Basi na mimi nilirudia. Anainua rezistansi, kile kidude cha kupunguza umeme, mbele ya pua yangu: "Hii ya nini?" Nikikosea anairudisha kwenye kopo, anaanza kumenya mihogo, na kazi ya siku imekwisha. Kuna wiki nzima tulilehemu vitu vinne. Nilikuwa narudi nyumbani nimefura, mke wangu ananicheka.

Rezistansi za lampe ya kwanza alizinunua mpya, kwa mfanyabiashara anayevuka na vitu kutoka Bujumbura. Za mwisho alizitoa kwenye redio iliyokwisha kutu. Nikauliza kwa nini upande mmoja ule na mwingine ulale njaa. Akanisikilizisha: rezistansi za zamani zina mlio wao, shhhh, kama ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zikikaangwa. "Makelele ya hapa mwanzo, lampe ya pili itayarudia, ya tatu itayarudia tena. Utakaanga kanisa nzima. Ya mwisho weka hata muzee, hakuna mwenye atamurudia nyuma." Tangu siku hiyo, nikiona mtu anavyoanza jambo, namkumbuka yeye.

Kilichonikasirisha hasa ni zile rezistansi mbili mbili kati ya lampe na lampe. Kazi ya hizo mbili, aliponieleza, ilikuwa kutupa sehemu kubwa ya sauti ambayo lampe ilikuwa imetoka kuipaza. Nikaweka chini bisibisi.

"Mama, tunaongeza ili tutupe?"

"Muntu akipiga kelele mu mikro ya fonia, Kalemie inasikia nini?"

"Mkwaruzo tu."

"Njo vile. Minye nataka lampe ya pili ipate maneno. Kelele ibaki kwa mwenye kelele."

Nikarudia. Akalehemu. Kisha akafungua gitaa langu, akakikata kifungo cha sauti, akaunganisha waya moja kwa moja mpaka kwenye tundu. Kila kifungo kinakula kidogo, alisema, na mimi sikuwa na cha kugawa. Kwenye ampli nako aliweka kifungo kimoja, cha bafle. Nguvu ya mwanzo aliifunga kwa rezistansi, isigeuzwe na mtu, kwa sababu wanamuziki wote anaowajua wakiwekewa vifungo wanageuza badala ya kupiga. Nawajua wale wale.

Alikuwa na desturi moja iliyonitisha mwanzoni. Kila alipopima kitu chenye umeme, mkono wa kushoto aliuficha nyuma, ndani ya mkunjo wa kitenge, na kupima kwa mkono mmoja tu, ili umeme ukimpiga usipate njia ya kupita kifuani. Hata alipozungumza na wateja alisahau kuutoa. Wageni walidhani hana mkono. Mimi kinyume chake: alinikatalia kutumia wa kushoto. Zile nyaya za kuwashia lampe zinapaswa kusokotwa pamoja mpaka ziwe kamba moja, ili mvumo wa umeme usiingie kwenye sauti. Akanipa nizisokote kwa vidole vya kulia. Kazi ya nusu saa ilinichukua siku mbili, na nilimtukana moyoni kwa zote mbili.

Usifikiri alikuwa mtakatifu. Alichukia kelele, huyo mtengeneza ampli. Alikwenda misa ya kwanza kwa sababu haina magitaa. Akialikwa arusi anakula, anampa bibi arusi kitenge, na bendi ikianza kujaribu vyombo yeye yuko barabarani anarudi, hata kama ampli zote pale ni za mkono wake. Nilimwuliza sababu ya kutengeneza asichotaka kukisikia. Akasema fonia ilimwachia lampe masanduku mawili, na lampe isiyowashwa inamwuma roho. Jibu ndilo hilo, nami sikupata jingine.

Simu alizilaumu kwa kuua kazi yake, ilhali alikuwa na mbili, na zote alizitumia kunisumbua. Inalia asubuhi: "Ulikamua ile mupira?" Kabla sijajibu amekata. Hakuwahi kuaga kwenye simu hata siku moja.

Na siri. Kwa miaka ile ya fonia, nusu ya Uvira ilipita mdomoni mwake: nani amekimbia ndoa, nani amefiwa na bado hajui, nani ana mtoto Kalemie. Hajawahi kutoa hata moja. Watu walijaribu, kwa bia, kwa sukari, kwa uchokozi, anakuangalia tu. Lakini ya kwako mwenyewe atakuambia usoni, mbele ya mteja yeyote. Siku moja nimeingia, mama mmoja anauza makaa mlangoni, wala hatujuani. Mama wa Fonia akamwambia, "Muangalie huyu. Mukono unamulilia, na mazoezi hafanye." Yule mama wa makaa akaweka gunia chini akanihubiria robo saa. Niliona aibu kweli kweli, na jioni ile niliukamua mpira mpaka ukapasuka.

Sasa nikiri kosa langu, kwa sababu akiulizwa yeye atalisema vibaya zaidi. Mwisho wa kazi aliniachia kulehemu rezistansi moja peke yangu nyumbani, ile ya kuingilia lampe ya kwanza. Akaniambia, na nikarudia kwa mdomo wangu, kwamba inakaa kwenye mguu wenyewe wa lampe, imegusana nao kabisa. Nilipofika nyumbani nikaona pale mguuni pamebanana, na upande wa tundu la kuchomekea gitaa pana nafasi nzuri. Nikaiweka kwenye tundu. Waya ni waya, nikajiambia, umeme utapita tu.

Jumapili nikabeba ampli kanisani. Kwaya wakanipisha, wengine kwa huruma. Padri akafungua misa, akasema tukiri dhambi zetu, watu wakanyamaza kimya. Ndani ya kimya hicho ampli yangu ikaanza kuongea Kirundi. Mwanaume mchangamfu kabisa, kutoka redio moja ya Bujumbura ng'ambo ya ziwa, anauza magodoro. Wenzetu wa uwanda wa Ruzizi, wanaojua Kirundi, wakaanza kutetemeka mabega kwenye mabenchi. Wasiojua wakapiga ishara ya msalaba. Padri akangoja, akageuka taratibu, akasema, "Mwambieni huyo bwana misa imekwisha anza."

Mchana Mama wa Fonia alikuja nyumbani na mkoba wake. Alikuwa ameshaambiwa na watu wanne. Hakukaa hata kitini. "Uliweka wapi?" Nikaonyesha. Akavuta ule waya uliobaki wazi kati ya tundu na lampe, mrefu kama kiganja, akaunyoosha mbele ya macho yangu. "Na hii ni nini?" Nikasema ni waya. "Ni antena, papa! Lampe tatu zinaipaza, na mbele yako kuko Bujumbura. Minye nimefanya fonia maisha yangu yote, sijapata posti ya redio inapokea vizuri vile!" Kisha akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka namna ile, mpaka ikabidi avue miwani. Akahamisha rezistansi kutoka tundu hadi mguu wa lampe, na mwuza magodoro hajasikika tena.

Jumapili iliyofuata niligusa waya mmoja, kidogo tu, jinsi vidole vyangu vilivyoweza. Sauti ikatoka, ikakaa, ikaendelea kukaa wakati kidole changu kilikuwa kimeshapumzika. Nilipiga solo ya waya mmoja mmoja, maana nyaya mbili kwa pamoja zilichanganyika. Hiyo ni tabia ya ampli za namna ile, na tulikuwa tumekubaliana. Nilifurahi mpaka nikakosa kuingia ubeti wa pili. Vitabu vya nyimbo akapewa mwingine kugawa.

Muda ukapita, zaidi ya mwaka. Mwaka huu, baada ya Pasaka, ampli ikaanza kuumwa. Sauti ikawa inakwaruza. Kila noti iliyokuwa laini ikatoka na meno. Kiongozi wa kwaya akaniuliza kama napiga gitaa au nasaga mihogo. Mimi nilijua ugonjwa wenyewe, si alinifundisha? Kondensateri ikichoka inavujisha umeme kwenye lampe inayofuata, lampe inazama, sauti inachafuka. Mwezi mzima nikalala na wazo hilo. Kadogo kale hakapatikani siku hizi, na Mama mwenyewe macho yalikuwa yameanza kumwacha. Bila ile ampli sina mkono, na bila mkono narudi kwenye kugawa vitabu. Asubuhi moja nikaibeba kwa mpini wake, gitaa mgongoni, nikashuka nayo mpaka kwake kwa miguu.

Alikuwa mezani, amekonda. Nikamweleza ugonjwa na sababu yake, nikijisikia fundi. Hakuitazama ampli. Alinitazama mimi nilivyoitua kwa mkono wa kulia. Kisha akatoa daftari la shule, akanipa: macho hayasomi tena, nimsomee mimi.

Nikasoma. Alikuwa ameandika kila kitu, tangu siku ya kwanza mpaka tuliyomaliza: lampe ya kwanza volti ngapi, ya pili ngapi, kila kondensateri jina na hali yake. Yeye anagusisha kipimo kwa mkono mmoja, mimi nasoma mshale, kisha nasoma daftari. Sawa. Sawa. Tofauti kidogo, si neno, umeme wa leo uko juu. Kadogo nilikokatuhumu mwezi mzima hakakuvujisha hata chembe. Tukafika mwisho wa ukurasa. Chini kabisa, chini ya lampe zote, pameandikwa: mukono, nusu volti.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni mukono yako. Ile siku ya kwanza ulikuja, nilikuchomeka ku redio ya zamani ukapiga, nikapima kenye kilitoka ku lampe yake. Ningechagua rezistansi namna gani bila kujua kile kinaingia?" Akakiweka kipimo kwenye lampe ya kwanza, ileile iliyotoka kwenye redio hiyo, akaniambia, "Piga. Vile unapiga siku hizi, usijikaze."

Nikapiga. Mshale ukaruka. Nikamwambia kipimo kimeharibika. Akasema nipige tena. Volti mbili na nusu. Nikapiga waya mwingine, na mwingine, polepole, kwa hila, nikitaka kuukamata mshale ukisema uongo. Mbili. Mbili na nusu. Karibu tatu.

"Lampe ziko muzima," akasema. "Kondensateri iko muzima. Kenye kilibadilika ni weye. Nilikutengenezea ampli ya mugonjwa, sasa unaipiga na mukono muzima, ifanye nini? Inalalamika."

Nikakaa. Kila asubuhi, mwaka mzima na zaidi, nilikuwa nakitazama kile kifundo na kusema leo bado. Nilikuwa nangoja siku moja ya kuamka nimepona, na siku kama hiyo haikuja kamwe, kwa hiyo nikasadiki kwamba sitapona.

"Tutoe lampe moja?" akauliza.

Nikakataa. Nasema ukweli: nilikataa haraka, nimeishika ampli kwa mikono miwili. Nikamwuliza, na kama kesho nguvu ikiondoka?

"Basi utarudi. Lampe haiende fasi ingine, iko hapa mu kopo."

Nikaiachia ampli mkono mmoja, kisha wa pili. Mwishowe nikasema toa. Akazima, akamaliza umeme uliobaki ndani, akapapasa kwa vidole mpaka akaupata waya utokao lampe ya kwanza, akauhamisha kutoka ya pili hadi ya tatu. Ile ya pili akaichomoa, akaifungia kwenye kitambaa, akaitia koponi. Akawasha. Nikangoja lampe zipate moto, kisha nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu Sange: nikapiga nyaya zote sita kwa mpigo mmoja. Zikasikika sita. Nikapiga tena nikaanza kulia, kichwa kimeinama juu ya ile saketi iliyo wazi.

"Eh, papa," akasema Mama wa Fonia, "usililie pale. Iko na volti mia tatu."

Nikasogeza kiti nyuma, nikalia kutoka huko, na sikuacha kupiga.